Jezi ya Mchezaji wa Kushoto

Mchezaji ninayemwandika hapa hakuwahi kuwa na mwili. Alizaliwa ndani ya kompyuta ya kibanda cha intaneti, Tunduma, karibu na mpaka, na misimu yote ya maisha yake alicheza katika nchi ambayo mimi na kaka yangu hatukuwahi kufika, juu ya barafu ambayo hatukuwahi kuikanyaga. Jina lake silitaji kwa sababu ni la marehemu baba yetu. Kaka ndiye aliyempa.

Wakati huo sisi bado tulikuwa mkoa wa Mbeya. Kaka alikuwa karani wa wakala wa forodha. Kazi yake ilikuwa kupeleka karatasi za malori dirisha hili na lile, kisha kungoja. Mimi nilikuwa fundi wa maturubai, na bado ndiyo kazi yangu. Nilipita kwenye foleni ya malori na sindano kubwa na uzi wa nailoni, nikishona palipochanika kabla dereva hajavuka kwenda Zambia. Kaka alifika kidato cha nne katika shule ya misheni. Mimi niliishia la saba. Sikuoa. Yeye aliwahi kuoa, mkewe akaondoka. Tulipanga vyumba viwili vinavyotazamana, na jioni tulipika sufuria moja.

Kaka alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Tulipokuwa wadogo kule Isansa, bibi alimfunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula, ili auzoee wa kulia. Hakuuzoea. Shuleni kwao mwalimu mmoja mgeni alileta mpira wa magongo, na vijana wakaupenda sana. Lakini gongo la mchezo ule lina upande mmoja tu bapa, na limechongwa kwa mtu wa kulia. La kushoto halitengenezwi. Kaka alijaribu, akawa anaupiga mpira kwa mgongo wa gongo, mwalimu akamtoa. Miaka yake yote pale alisimama nje ya mstari akirudisha mipira iliyotoka. Alinisimulia jambo hilo bila kinyongo, kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

Siku moja mtandao wa forodha ulilala tangu asubuhi. Malori yalisimama hadi nje ya mji. Kaka akaenda kukaa kwenye kibanda cha intaneti, na kwa kukosa la kufanya akatafuta habari za mpira wa magongo. Mimi nilikuwa juu ya lori la mbolea, nimepiga magoti kwenye turubai, nikamsikia akiita kutoka chini.

“Mdogo wangu! Wameniuliza mkono.”

“Nani kakuuliza?”

“Wazungu wa magongo. Nimetengeneza mchezaji. Wakauliza, anapiga kwa kulia au kushoto? Wana magongo ya kushoto! Yapo!”

“Umelipa nini?”

“Bure.”

“Basi kuna wizi hapo,” nilisema. Dereva akacheka, kaka naye akacheka, lakini hakuondoka. Alisimama pale chini ya lori akitazama viganja vyake.

Ligi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mtu, popote alipo duniani, hutengeneza mchezaji mmoja wa kubuni: jina, nafasi, mkono. Kompyuta yao huchezesha mechi zenyewe, na sisi tulikuta matokeo asubuhi. Huoni mchezo. Unasoma mistari tu: fulani katoa pasi, fulani kafunga, fulani katolewa nje kwa rafu. Kila wiki mwenye mchezaji anatakiwa aingie kumjazia mazoezi na kuandika maneno machache, ndipo mchezaji apate nguvu. Asipojaziwa hudhoofika. Na kila msimu anaongezeka umri, na umri ukishakuwa mkubwa nguvu hupungua hata ukimjazia.

Kaka alimweka beki. Alidhani wanacheza kwenye majani, kama shuleni. Zilipita wiki kadhaa kabla hajaelewa kwamba ni barafu.

“Kumbe wanateleza!” alimwambia mwenye kibanda. Huyo alikuwa dada mmoja wa Tanga, mfanyabiashara, aliyeuza pia soda na maji baridi. “Wanavaa viatu vya chuma, wanateleza.”

“Friji lile pale,” dada akasema. “Panda juu ya barafu yangu ujaribu. Ukivunjika sikuzungumzii nauli ya hospitali.”

Tangu siku hiyo alimwita kaka Bwana Barafu, na mimi nikawa Mdogo wa Barafu.

Alikuwa mchezaji wa namna gani? Niseme kweli. Hakuwa mkubwa. Beki wa kiwango cha wastani, anayetumainiwa kukaba na asiyetajwa mechi ikiisha. Klabu yake ya kwanza ilikuwa nzuri, na kuna msimu walifika fainali. Asubuhi ile kaka alikuja kwenye foleni na chapati kwenye gazeti, tukakaa kwenye tairi la akiba, akanisimulia. Mchezaji wetu alikuwa amefunga goli. Kaka alieleza jinsi alivyokatiza, jinsi kipa alivyoinama, jinsi alivyopiga kwa kushoto ule mpira wao ulio kama kifuniko cheusi cha chupa. Baadaye nilipoingia mwenyewe nilikuta mstari mmoja tu: jina la baba, na neno kwamba kafunga. Mkono haukuandikwa. Kaka ndiye aliyeuongeza. Fainali yenyewe walipoteza.

Kaka alifariki asubuhi moja mwanzoni mwa mvua. Alianguka kwenye ngazi za ofisi, karatasi za lori la watu mkononi. Presha, walisema. Tulimpeleka Isansa, tukamzika karibu na baba.

Kwetu mali ya marehemu haiguswi kabla ukoo haujakaa. Jembe huegemea pale alipoliegemeza. Koti hubaki msumarini. Ukoo ukikaa ndipo panasemwa nani achukue nini, na nani arithi jina, kwa sababu jina la mtu haliachwi lipotee. Sasa, aliyetakiwa kukiongoza kikao ni baba yetu mkubwa, na yeye alikuwa amehamia bondeni, Ivuna, kulima mpunga. Alifika mazikoni kwa shida, akarudi kabla barabara haijakatika. Mvua ikaikata kweli. Tukangoja kiangazi.

Nilirudi Tunduma kwenye vyumba vile viwili. Nilipika chakula cha mmoja, na sikukijua kipimo chake. Asubuhi moja nikaenda kwenye kibanda. Dada hakutania. Alinivutia kiti cha kompyuta ya ukutani, ile aliyokuwa akiitumia kaka. Mashine ilikuwa bado inamkumbuka. Ukifungua ukurasa, inakuingiza yenyewe kama vile ni yeye. Nikamwona mchezaji. Palikuwa na nafasi ya kujaza mazoezi, na kitufe cha kubonyeza.

“Si ubonyeze?” dada akauliza.

“Si mali yangu.”

“Nani atakuja kukudai, ewe mtu? Kakako hana mtoto.”

“Ukoo haujakaa.”

Alinitazama kama anayetaka kucheka, akaacha. “Haya. Kaa umtazame basi. Kutazama hakuna mirathi.”

Nikawa ninaenda kumtazama. Kwanza walimpunguzia muda wa kucheza. Kisha akawa anakaa benchi. Kocha wa klabu, mtu ambaye sikuijua hata nchi yake, aliandika kumuuliza kaka yuko wapi, akaandika tena. Sikujibu, maana barua hazikuwa zangu. Masika yalikuwa yanaelekea kwisha nilipokuta jina la baba limeandikwa katika orodha ya walioachwa na klabu. Niliketi pale mpaka dada akaniwekea soda mezani bila kuniuliza. Nilijua kitufe kiko wapi. Hata leo mtu akiniuliza kama ningebonyeza, ningesema hapana, lakini nisingesema haraka.

Barabara ilipofunguka baba mkubwa akaja. Tulikaa ndani ya nyumba ya baba, Isansa. Mibuni ya kaka ilikwenda kwa shangazi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiipalilia. Baiskeli na koti vilipata wenyewe. Jina la kaka alipewa mtoto wa binamu yetu. Baba mkubwa alipouliza kama kuna kilichobaki, nikasema kipo.

“Kitu gani?”

“Mchezaji.”

“Mchezaji wa ngoma?” shangazi akauliza.

“Wa magongo, shangazi. Wa kwenye barafu.”

“Yuko wapi?”

“Hayupo. Yuko kwenye kompyuta.”

Kicheko kikatoka, cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu msiba. Baba mkubwa ndiye ambaye hakucheka.

“Anakula?”

“Hapana, baba.”

“Ana mke, ana madeni?”

“Hana.”

“Basi huyo kawazidi wengi waliomo humu.” Wakacheka zaidi. “Anaitwa nani?”

Nikalitaja jina. Lilikuwa jina la baba yetu, mdogo wa baba mkubwa, na tulikuwa tumekaa kwenye viti vya mdogo wake.

“Kumbe marehemu alikwisha kulirithisha jina,” baba mkubwa akasema. “Mchukue wewe. Na siku yake ikifika, umzike vizuri. Usimwache akatoweka njiani kama mbwa wa msafara.”

Ndilo jukumu nililorudi nalo Tunduma, na sikuwa na jingine.

Niliwaandikia wale wa ligi kwa Kiingereza changu cha la saba. Niliandika kwamba mwenye mchezaji amekufa, kwamba mimi ni mdogo wake, kwamba nilichelewa kwa sababu mvua ilikata barabara na ukoo haukuweza kukaa, na kwamba sasa umekaa na umenipa. Nikaomba ruhusa. Sheria yao ilikuwa kwamba mchezaji hapewi mtu mwingine: mwenyewe akiondoka, mchezaji hufutwa. Walijadiliana siku kadhaa, nami nilisoma kila neno, mengine bila kuyaelewa. Mmoja aliuliza barabara inahusiana nini na kompyuta. Mwingine akasema hajawahi kusikia mchezaji akirithiwa na ukoo, lakini haoni ubaya. Mwishowe wakaruhusu. Klabu moja ya mkiani ikamchukua.

Tulicheza huko misimu iliyobaki. Tulifungwa sana. Nilimjazia mazoezi kila wiki, na kila msimu umri ulimla kuliko nilivyomlisha. Watu wa ligi walikuwa wema. Waliandika pole, wakauliza Tunduma iko wapi, kisha wakaendelea na mazungumzo yao ya baridi na theluji, nami sikuwa na la kuchangia. Nilikuwa kama mgeni aliyepewa kiti karibu na mlango. Lakini nilikuwa na mahali pa kwenda asubuhi, na pale palikuwa na jina la kusoma.

Polepole vijana wakaanza kupata intaneti kwenye simu, kibanda kikawa na viti vitupu. Mchezaji naye akafika umri ambao hata klabu ya mkiani haikuweza kumpanga. Nilikuwa na njia mbili: kumstaafisha mwenyewe, au kuacha kuingia, afutwe siku wanayoona wao. Ya pili ilikuwa rahisi, maana ya kwanza ilinitaka nibonyeze kwa mkono wangu. Nilikaa mbele ya mashine asubuhi nyingi bila kufanya lolote. Niliogopa, si kwa ajili yake. Nilijua baada ya hapo hakuna tena kitu cha kaka kinachosogea.

Dada akasema, bila kugeuka kutoka kwenye friji, “Baba yenu mkubwa alisemaje?”

Nikabonyeza.

Desturi yao ni kwamba mchezaji akistaafu, mwenyewe huandika maisha yake ya uwanjani. Niliandika mistari michache. Kwamba alikuwa beki. Kwamba alifunga goli katika fainali waliyopoteza. Kwamba alicheza kwa kushoto, na aliyemtengeneza hakuruhusiwa kucheza kwa kushoto. Watu wengi walijibu. Kocha wa klabu yetu akasema wameamua kuifunga jezi yake: namba ile isivaliwe tena na mtu. Heshima hiyo hupewa wakubwa. Yeye hakuistahili kwa magoli, nami nilijua ni huruma.

Nilishukuru, nikakataa. Nikawaandikia kwamba kwetu kitu cha mtu mwema hakifungiwi. Kikifungiwa ndiyo amekufa. Jezi mpeni mtoto.

Wakampa mchezaji mpya wa mtu fulani. Nilimwandikia mwenye mchezaji huyo kumuuliza mkono. Alijibu kwa upole: wa kulia, lakini angeweza kubadili, kwa kuwa hajacheza bado. Nikamwambia aache hivyo hivyo.

Asubuhi ya mechi yao ya kwanza nilikwenda kibandani. Sikuwa na mchezaji, lakini kusoma hakukatazwi.

“Mdogo wa Barafu,” dada akaniita. “Si umemaliza kazi? Umefuata nini?”

“Matokeo.”

“Ya nani?”

“Ya jirani.”

Walikuwa wamefungwa, kama kawaida. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa namba yetu: kapiga, kipa kadaka. Basi. Nikamsomea dada kwa Kiswahili, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, nikaeleza alivyokatiza, na kipa alivyoinama, na mkono nikauongeza mwenyewe, wa kulia. Kisha nikachukua sindano zangu nikaenda kwenye foleni.