Beseni la Tangawizi

Harufu ya tangawizi iliyopondwa na kutiwa katika maji ya moto hunirudisha kwenye uwanja wa shule moja nje kidogo ya mji wa Same, siku ya tatu ya hija, nikiwa na umri wa miaka kumi. Tulikuwa tumeteremka kwa miguu kutoka vijiji vya juu ya Gonja, tukilala madarasani, na mbele yetu zilibaki siku mbili za barabara kuu hadi kanisa la hija upande wa Mwanga. Siku hiyo hatukutembea. Wanawake walipika makande, wanaume walilala barazani kofia zikiwa usoni, na upepo wa Same, ule mkavu usio na adabu, ulimwaga vumbi jekundu juu ya nguo tulizokwisha kufua. Wakubwa waliiita siku ya mapumziko. Kwangu ilikuwa siku ya hukumu.

Kila siku ya mapumziko, Katekista Eliamani, kiongozi wa msafara, aliweka benchi karibu na jiko na beseni mbele yake: maji ya moto, chumvi, na tangawizi yetu wenyewe ya mlimani. Mtoto alitumbukiza miguu na kusali Salamu Maria moja, mwanzo hadi mwisho. Aliyekatiza sala alikuwa na vidonda, na mwenye vidonda alipanda gari lililobeba magodoro na masufuria. Mwaka uliotangulia nilikatiza kwenye "umejaa neema". Nikafika kanisani juu ya magodoro, na mwaka mzima binamu yangu Felista, aliyenizidi miaka miwili, akaniita Abiria. Nikienda kuchota maji: "Abiria, unashuka kituo gani?" Hata shuleni. Mwaka huu nilikuwa nimeapa kufika kwa miguu yangu.

Felista alitangulia, akakaa kwa madaha, akafika "Bwana yu nawe" na kuvuta pumzi kama aliyeng'atwa. "Garini," akasema Katekista bila kuinua kichwa. Kisha mimi. Kisigino changu cha kulia kilikuwa kimechubuka tangu jana yake na nilikificha ndani ya soksi za shule. Hata Bibi, niliyesafiri naye, sikumwambia. Niliposhusha miguu, moto ulipanda hadi kwenye meno. Nikasali. Sikuharakisha neno hata moja. Nilipofika "sasa na saa ya kufa kwetu" nilimaanisha hasa. Amina. Katekista akatazama ndani ya beseni, na maji yalikuwa yakigeuka mekundu.

"Kesho unapanda gari."

"Sipandi, Mwalimu."

Jikoni wanawake wakageuka kunitazama. Kwetu mtoto hamjibu mkubwa hivyo.

"Unasemaje wewe?"

"Ulisema atakayekatiza sala. Mimi sikukatiza. Damu hukuisema."

Bibi, aliyekuwa akikoroga makande, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Baba, hapo amekushika," akamwambia. "Sheria ni yako. Ibadilishe mwakani, leo mwache mtoto atembee."

"Akichechemea tu, anapanda."

"Hachechemei," Bibi akajibu, kisha akaniinamia sikioni. "Ole wako."

Akanipaka mafuta ya mgando, akachana pindo la khanga yake kuukuu na kunifunga kisigino. Siku mbili zile nilitembea wima kama mlingoti. Kesho yake gari lilipotupita taratibu, Felista alikuwa juu ya magodoro, akitazama mashamba ya katani ili asinitazame. Nikamwuliza, mara moja tu, atashuka kituo gani. Wanasema ningepaswa kuona aibu. Mpaka leo naisubiri hiyo aibu.

Mwaka jana niliitembea tena njia ile, bila Bibi, ambaye sasa amelala mlimani. Mahujaji wanavaa raba, simu zinawahesabia hatua, na beseni halipo. Dada mmoja wa huduma ya kwanza hukagua miguu kwa upole. Ni vizuri hivyo, sitaki mtoto mwingine aungue nilivyoungua. Lakini utu uzima umenikutanisha na watu wengi wa gari lile, wapole wote, wanaoniambia nipande tu, njia ni ndefu mno kwa mtu kama mimi. Siku ya mapumziko, kijana wa msafara aliniona nikivua raba polepole mno. "Dada, kesho kuna nafasi garini," akasema. Nikamwonyesha kovu la kisigino, kisha nikamwomba maji ya moto. Tangawizi nilikuwa nayo mfukoni.