Kamba ya Kiuno ya Shangazi Yudithi

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwa bibi yangu pale Gulwe, binti aliyeolewa hakuulizwa kama ndoa yake ni njema. Alipimwa kiuno. Bibi, aliyemzaa baba, alikuwa na kamba ya nyuzi za mbuyu kwa kila binti yake, na zote alizifunga kwenye kilindo, lile ghala la gome la mti tulilowekea mtama. Binti akija kusalimia, Bibi alimzungushia kamba yake na kupiga fundo pale ilipofikia. Fundo likisogea mbele, alipiga kigelegele. Likirudi nyuma, maana yake ilikuwa moja: kuna mtu anamla kwa uchawi.

Sisi wajukuu hatukucheka. Bibi alikuwa amezika watoto wake wakati wa njaa, na alisema walikuwa wepesi mno mikononi.

Shangazi Yudithi aliolewa Miyuji, mjini Dodoma. Alipokuwa Gulwe alilima, akachota maji, akatwanga. Miyuji alikaa kwenye duka la mumewe tangu asubuhi hadi jioni, soda karibu na mkono, chipsi kwa jirani. Fundo lake lilisogea kila alipokuja, mpaka Bibi akalazimika kuiunga kamba.

"Wifi, mlango wetu bado unakutosha?" mama yangu alimtania.

"Naingia kiubavu. Wewe mwenye mifupa ingia unavyotaka."

Walicheka wote. Kisha Shangazi akaketi mkekani, miguu imemvimba, akaanza kumenya karanga. Alisema bila kuinua kichwa:

"Mama, kliniki wamesema mwili huu umekuwa mzigo. Presha imepanda, na sukari nayo inakaribia. Wanasema mafuta haya ya tumboni ndiyo mabaya zaidi. Niache soda na vya kukaanga, nitembee."

"Nani kasema?"

"Nesi."

"Huyo nesi anaijua njaa?"

Shangazi alichukua karanga nyingine, akamenya. Jioni Bibi alimletea maziwa mgando kibuyu kizima, naye akayamaliza.

Alirudi baada ya mavuno yaliyofuata. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya kamba. Bibi aliizungusha, akaifikisha kwenye fundo la mwisho, kamba ikateremka hadi kwenye nyonga. Nakumbuka kwamba niliendelea kushika ncha yangu.

Shangazi ndiye aliyefurahi.

"Nimepungua, Mama! Nesi atanipenda. Wala sijahangaika, soda nakunywa vilevile. Mwili umeamua wenyewe."

Alisema hayo huku akinywa maji. Alimaliza kata moja, akachota nyingine. Mchana ule alikwenda nyuma ya nyumba kujisaidia mara nyingi, hata mama akamtania kwamba anatumwagilia shamba.

"Wanamla mwanangu," Bibi alisema. "Akirudi mjini hivi atakufa."

Hakumruhusu aondoke. Alimpikia uji mzito wa uwele, akautia asali na samli, akamsimamia mpaka bakuli liishe. Shangazi hakwenda kliniki kwa sababu aliamini amepona. Bibi hakumpeleka kwa sababu aliamini hospitali haina dawa ya jambo lile. Hawakukubaliana kwa lolote, lakini wote wawili walibaki nyumbani.

Kisha akaanza kutapika, akalala usingizi usioamshika. Alifia hospitali. Daktari alimweleza baba kwamba sukari ilikuwa juu kwa muda mrefu, na kwamba kiu ile na kukonda kule bila sababu ndizo zilizokuwa dalili. Baba alimfikishia Bibi maneno hayo. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Nilisema atakufa," akajibu.

Msibani watu walisema hivyohivyo: mama yake alisema. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka maganda ya karanga kwenye mkeka, ambayo huenda ni ya siku nyingine.

Matanga yalipokwisha, Bibi alizifungua kamba zote kutoka kwenye kilindo, za mabinti wengine pia, akafungia kuni. Hakumpima tena mtu yeyote.

Siku hizi nami naishi Miyuji, na kazi yangu ni ya kukaa. Tumbo lilikuja polepole, kama lilivyomjia yeye. Nimeacha soda, natembea kila asubuhi. Juzi nesi wa kliniki alinizungushia futi ya kupimia kiunoni, akatabasamu.

"Umepungua. Hongera."

"Pima na sukari," nikamwambia.

"Una dalili gani?"

"Sina. Pima tu."

Alinichoma kidole. Nikiwa nasubiri jibu, nilimkumbuka Bibi akiwa amepiga magoti na kamba mkononi. Katika nyumba ile nzima, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba kuna kitu kinamla mwanawe. Hakukosea. Kisha akakipikia uji, akautia asali.