Macho Matano ya Nyuki

Binti yangu Eucabeth alikuwa mwalimu. Nalitanguliza hilo kwa sababu hapa Keroka wanapomtaja husema tu, "yule aliyekwenda Saudia kufagia." Alifundisha darasa la saba, mshahara wa kamati ya shule ukija siku ukipenda, ndipo akaenda. Akashukia Riyadh, akalala sakafuni kwa wakala, kisha basi hadi Jeddah, mtaa wa Al-Safa, nyumba ya ghorofa tatu. Ngazi zake alizipiga deki kila siku hadi magoti yakavimba.

Mwalimu mkuu wetu, Ephraim, alimwekea nafasi. "Mama, arudi kabla shule hazijafunguliwa Januari, la sivyo nampa mwingine." Mkataba ulikuwa unaisha Novemba. Lakini kule hutoki kafili, yaani mdhamini wako, asipokubali, na kafili ndiye baba wa nyumba.

Madam alipojua kwamba amewahi kufundisha, akamwongezea kazi. Vyombo vikishaoshwa, akae na binti yao Lamis, wa miaka kumi na tatu, amsaidie ufahamu wa Kiingereza. Mtoto hakuweza kutenganisha wazo kuu na maelezo yanayoliunga. Alisoma habari ya jinsi nyuki wanavyosaidia miti kuzaa, akaulizwa inahusu nini.

"Nyuki ana macho matano, abla." Abla kwao ni mwalimu.

"Hayo ni maelezo. Wazo kuu?"

"Macho matano! Mimi nina mawili tu."

Eucabeth akaifunika sentensi hiyo kwa kidole. "Macho nimeyaondoa. Habari imekufa?"

"Haijakufa."

"Sasa funika ile ya miti."

Lamis akafunika, akasoma yaliyobaki. "Mafi," akasema. "Hakuna kitu."

Novemba ikafika. Eucabeth akamfuata baba wa nyumba sebuleni, akaongea nilivyomlea: mtu mzima humwombi kitu kabla ya kumsalimu sawasawa. Akamshukuru kwa chakula. Akamjulia hali mama yake. Akasema nyumbani mvua imeanza, mimi mamake nimezeeka, magoti yananisumbua. Baba akasikiliza vizuri, akaenda akaleta katoni ya tende na dawa ya kuchua. "Mtumie mama," akasema, akarudi kwenye televisheni.

Lamis alikuwa kwenye kochi. "Abla, leo umempa baba macho matano ya nyuki."

Ijumaa Eucabeth akanisimulia kwa simu, akicheka kicheko cha mtu aliyechoka. Kesho yake akasimama palepale.

"Baba, nataka kurudi nyumbani."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo akayatoa: mkataba, shule, mimi.

Baba akakuna ndevu. "Lamis afanye mtihani kwanza. Halafu halas, basi, nenda."

Mtihani ulikuwa katikati ya Januari. Lamis akafaulu.

Eucabeth alipofika nilimsindikiza shuleni. Ephraim akatupokea kwa maneno mengi: karibuni, habari za safari, tuzungumze kidogo, na mahindi mwaka huu mmeyaona? Binti yangu akamkatiza.

"Mwalimu mkuu, nafasi yangu iko au haiko?"

Ephraim akatazama dirishani. "Haiko."

Eucabeth akavuta kiti, akaketi.

Wanasema Saudia imemharibia adabu. Mimi nilikuwepo. Magoti yalikuwa yanamuuma, alitaka kujua kama aendelee kusimama.