Ndoo ya Usipa Iliyokwenda Songea

Perpetua alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia mvua imenyesha Kitura, atataka kujua imenyesha upande gani wa barabara. Mimi nilikuwa nashona nguo kwenye baraza lililopakana na chumba chake pale Mbinga mjini, kwa hiyo maswali yake niliyasikia tangu kufungua mpaka kufunga. Sikuyachoka hata siku moja, maana kwa kupenda kujua mambo, mimi mwenyewe si haba.

Alizaliwa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, akaolewa Mbinga, na mume alipofariki hakurudi kwao. Soko huria lilipotufikia na kila mtu akawa na cha kuuza, wengine mitumba, wengine kahawa kwa wanunuzi binafsi, yeye aliuza intaneti. Aliweka kompyuta chache na dishi juu ya bati, wakaja walimu, mapadri na wanunuzi wa kahawa waliotaka kujua bei ya Ulaya. Kisha simu za mkononi zikaanza kuingia intaneti zenyewe, na wateja wakapotea mmoja mmoja. Perpetua hakulia. Alisema sasa atanunua mashine ya kusaga, kwa sababu hakuna simu inayosaga mahindi.

Alipanda basi mpaka Songea, kwenye ofisi ya kampuni iliyokuwa ikimpa huduma, akaaga vizuri. Meneja alikuwa kijana anaitwa Cleopa, aliyehamishiwa huku kutoka kaskazini. Alimwambia, "Sawa mama, wewe turudishie modemu yetu. Siku tutakayoipokea ndiyo siku huduma yako inafungwa."

Hapo ndipo Perpetua alipofanya kitu ambacho mtu wa kwetu yeyote angefanya. Barabara ya Songea wakati huo ilikuwa mashimo matupu, na makuli wa stendi wakiona boksi hulirusha, lakini wakiona chakula hukishika kwa heshima. Akaifunga modemu kwenye kipande cha kanga, akakaza fundo, akaiweka chini ya ndoo, kisha akajaza juu usipa wakavu, samaki wadogo kama dagaa, ambao mdogo wake Nathanieli alikuwa amemletea kutoka ziwani. Modemu ikapata godoro, na meneja akapata kitoweo. Ndoo akampa konda Dunstan. "Mpe Bwana Cleopa mkononi. Mwambie ni ya Perpetua wa Mbinga, vifaa vyake vimo ndani."

Mwezi uliofuata ankara ilikuja. Na uliofuata tena. Perpetua akapiga simu, akaambiwa modemu haijafika. Kisha ikaja onyo: asipolipa, watachukua dhamana. Dhamana hiyo ilikuwa injini ya boti ya Nathanieli, aliyoiweka kwa kumwamini dada yake. Injini ikiondoka, watoto wa Nathanieli wangekula nini? Usiku ule, nikiwa bado nashona, nilimsikia Perpetua akitembea chumbani kwake kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Lakini asubuhi hasira ilikuwa imempungua, na maswali yamejaa. "Gertruda," aliniambia, "ndoo haina miguu. Iko wapi?"

Nilifunga cherehani nikamfuata. Watu wa mtaani walinisifu kwa wema wangu, nami nikawaacha wasifu. Ukweli ni kwamba nisingeweza kulala bila kujua ndoo ile ilikokwenda.

Tulianza na Dunstan. Aliapa kwa mama yake kwamba aliifikisha mpaka mezani kwa meneja. "Ila maneno sikuyamaliza, shangazi. Nilipotaja jina lako tu akashika pua. Akasema asante, asante, na basi langu lilikuwa linapiga honi."

"Alishika pua kwa mkono gani?" Perpetua akauliza. Nikamfinya.

Ofisini Songea, Cleopa alitupokea kwa shikamoo na viti. Alikuwa kijana mwenye adabu, tatizo lake aliamini kompyuta kuliko macho ya watu. "Mama, humu inaonekana kifaa bado kiko kwako."

"Humo inaonekana. Wewe ulionaje? Siku ile konda alipokuletea ndoo ya samaki, uliipeleka wapi?"

Nilimwona Cleopa akikumbuka, na masikio yake yakabadilika rangi. "Ile ndoo... Mama, kwetu hatuli hao samaki. Nilidhani ni zawadi. Harufu ilijaa ofisi nzima. Nilimwambia mlinzi aiondoe, achukue yeye."

Mlinzi aliitwa. Alikuwa mzee Mansuetus, mtu wa Mkumbi huko milimani, kofia kubwa kuliko kichwa. Perpetua akamwamkia na kumuuliza kuhusu ndoo. Mzee aliingia kwenye kibanda chake pale getini, akatoka na ndoo imeoshwa, imefunikwa kwa kitambaa safi. Ndani yake, peke yake, mlikuwa na kile kifurushi cha kanga.

Perpetua alikishika, akakigeuza. "Fundo langu hili," alisema. "Halijaguswa."

"Nani aguse fundo la kanga la mama wa watu?" mzee akajibu, karibu kukasirika. "Nilikuta chini ya samaki, nikajua umesahau kitu chako. Nikakitunza."

Perpetua akafungua mwenyewe, na modemu ikatoka, ikinuka ziwa. Cleopa akavuta kompyuta yake, akaandika, na kusema bila kutuangalia, "Ilifika siku ile ile. Ni mimi niliyeitoa nje. Ankara zote za baada ya hapo nazifuta, na dhamana naiachia." Machozi yalinitoka, mimi niliyekuja kuchungulia tu.

Lakini Perpetua bado alikuwa na swali. "Baba, muda wote huu, mbona hukunirudishia ndoo? Konda unamjua, anapita hapa kila siku."

Mzee Mansuetus aliangalia chini. Ninyi wa huko mtaona ajabu, lakini sisi tunajua: tangu enzi za babu zetu, chombo kikipanda kutoka ziwani na samaki, kwa watu wa milimani hushuka na maharage. "Maharage ya Mkumbi mwaka huu yaliungua shambani," alisema. "Na mshahara wa getini unaujua. Nilikuwa nasubiri nipate cha kuweka."

"Ungenirudishia hivyo hivyo, tupu!"

"Tupu?" Mzee akainua uso. "Na wewe ungesema nini juu yangu, mama?"

Ndoo ilibaki kwa mzee, maana alikataa katakata tuichukue kabla ya mavuno. Kwenye basi nilingoja Perpetua aanze maswali yake, nikangoja sana. Tulikuwa tumekaribia Mbinga alipozungumza.

"Ningemsema, Gertruda. Ningemsema mpaka Kihagara wakamjua kwa jina." Akageukia dirishani. "Injini ya mdogo wangu ilitaka kwenda kwa sababu ya mdomo wangu."