Simu Ndani ya Beseni

Walimu wenzake walimwita Mwalimu Beseni, naye alikwisha kuchoka kukasirika. Kila ulipofika wakati wa sayansi alionekana akitoka bombani na beseni la bluu kiunoni, maji yakimlowesha sketi, magoti yakilalamika kila ngazi. Darasa la kwanza alilifundisha miaka nenda miaka rudi, na imani yake haikubadilika: mtoto hajajua kitu mpaka akishike. Hesabu walijifunza kwa vizibo vya soda. Mizani aliitengeneza mwenyewe kwa henga ya nguo na makopo ya maziwa. Siku hizi, hata hivyo, imani ndiyo iliyobaki, nguvu zilishaaga.

Nyumbani, mumewe, fundi seremala, alikuwa amepigwa kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilala, na ulimi ukawa mzito. Mwalimu alimgeuza usiku, akamwogesha alfajiri, akamwachia wifi yake, kisha akaenda kazini hoi kabla hata siku haijaanza. Ndiyo maana simu yake aliiweka juu ya meza darasani, ingawa sheria ya shule ilikataza. Aliogopa isije ikaita asisikie.

Siku hiyo somo lilikuwa vitu vinavyoelea na vinavyozama. Watoto walileta vya kwao: msumari, ganda la yai, ndala iliyokatika. Kila aliyetaka jibu aliambiwa maneno yale yale ya siku zote.

"Usiniulize mimi. Yaulize maji."

Miongoni mwao alikuwamo msichana mdogo ambaye wenzake walimbatiza Kwanini, maana maswali yake hayakujua likizo. Mwalimu aligeuka kumfuta mtoto mmoja kamasi, mara akasikia chubwi! Darasa zima likapaza sauti: "Imezamaaa!"

Simu ilikuwa imelala chini ya maji, kioo kikiwaka. Kisha kikazimika. Kwanini alikuwa amesimama pembeni, mkono unamchuruzika maji, uso umejaa furaha ya mtu aliyepata jibu.

"Huna adabu wewe!" Mwalimu alifoka. "Kaeni chini nyote! Mikono nyuma! Sitaki kusikia mtu!"

Sauti ile hata yeye hakuitambua. Watoto wakanywea. Kwanini hakulia, alikunja midomo tu na kuuficha ule mkono mbichi nyuma ya mgongo.

Kengele ya mwisho ilipolia, hakumsubiri mtu. Alikwenda nyumbani mbiombio, magoti yapende yasipende. Wifi yake alikuwa mlangoni.

"Wifi! Nakupigia tangu asubuhi hupatikani!"

Mwalimu akamshika mkono. "Amefanyaje?"

"Nani? Mimi natafuta chumvi. Nimempikia mboga haina chumvi, kaka kanitolea macho mpaka nimeona aibu."

Mwalimu akaketi pale pale kizingitini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Wifi yake akamvua viatu bila kuuliza zaidi.

Baadaye alimsimulia mumewe. Mzee alisikiliza, upande mmoja wa uso ukatabasamu. "Ame... yauliza... maji," akasema kwa shida.

"Na wewe uko upande wao?" mkewe akamjibu, akimrekebishia mto.

Fundi wa simu aliifungua ile simu, akajikuna kichwa kwa bisibisi, akaifunga. "Mama, hapa ni kupeana pole tu." Nyumbani wakakubaliana wifi awe anampigia karani wa shule.

Kesho yake darasa lilikuwa kimya kama maji mtungini. Mwalimu aliinua jiwe juu ya beseni.

"Hili litazama?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akainua kijiti. "Na hiki kitazama?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mimi nikijitumbukiza humu, nitaelea?"

"Ndiyo, mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita barazani, alichungulia dirishani. "Hongera, mwalimu. Leo darasa limetulia."

Mkuu alipopita, Mwalimu Beseni akakaa kwenye kiti cha mtoto. Alijiambia kwamba angeweza kuwaacha hivi hivi. Hapana kubeba maji, hapana kupangusa sakafu. Aandike ubaoni, wao wanakili. Ingekuwa mapumziko, na nani angemlaumu? Alilifikiria jambo hilo kwa dhati, kama mtu anayetazama kitanda kilichotandikwa. Kisha akamtazama Kwanini, mikono nyuma, macho ukutani.

"Njoo, mwanangu."

Mtoto akaja akiburura miguu.

"Jana niliogopa. Nina mgonjwa nyumbani, na simu ndiyo iliyokuwa ikiniletea habari zake. Kitu cha mtu huombwa kwanza, hapo ulikosea. Kuuliza hukukosea. Umenielewa?"

Kwanini akatikisa kichwa kukubali. Kisha akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, ilizama kwa sababu ina maneno mengi ndani?"

Mwalimu akaitoa ile simu mfu mkobani, akampa. "Haya, tafuteni jibu wenyewe."

Wakaisogelea taratibu, mmoja mmoja. Ikazama tena. Wakaifunga kwenye ndala, ikapinduka. Mwishowe Kwanini akailaza ndani ya kopo tupu la siagi, akaliachia kopo juu ya maji. Likayumba, likatulia.

"Inaelea! Mbona inaelea?"

Kelele ikapanda, kila mmoja na sababu yake. Mwalimu mkuu akarudi mlangoni, kipara kinang'aa.

"Kuna nini tena humu?"

"Sayansi, Mkuu," alisema bila kuinuka.

"Na hiyo si simu?"

"Ilikuwa."

Mkuu akalitazama beseni, akaenda zake.

Mabishano yaliendelea mpaka kengele. Watoto walipotawanyika, yeye alibaki kwenye kile kiti kidogo, viatu vimelowa, mgongo unawaka moto. Alijipa muda mfupi zaidi wa kukaa, kisha akashika ukingo wa dawati na kujivuta juu, aende akamgeuze mumewe.