Kifurushi cha Hassatou Bah

Siku Alseyni Diallo alipomwona Hassatou Bah kwa mara ya kwanza, soko zima la vito la Chanthaburi, Thailand, lilifunika mali yake. Mwanamke mrefu alikuwa anapita katikati ya meza na kamera begani, na mahali ambapo rubi huweza kupotea chini ya ukucha, hakuna apendaye kupigwa picha. Madalali wa Guinea, wa Mali na Watai wenyewe walikunja karatasi zao upesi upesi.

Alseyni hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kazi yake ilikuwa kuchukua yakuti za mwenye mali, kuzipeleka kwenye meza ya mnunuzi, kisha kungoja. Alijibanza nyuma ya Mama Suphin, mnunuzi wa Kitai aliyezoea kumpa kiti, lakini macho ya yule mwanamke yalikuwa yameshamfikia.

"Wewe mwenye kofia! Ukoo gani?"

"Diallo," akasema, huku akitazama pa kutokea.

"Alhamdulillahi! Mimi Bah. Jamani, ficheni vibuyu vyenu, mwizi wa maziwa yupo hapa!"

Waguinea wakaangua kicheko. Bah na Diallo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hakasirikiwi, na akiomba kitu hanyimwi. Hapo ndipo hofu ya Alseyni ilipopata mlango.

Hassatou alikuwa na miaka tisa Bangkok. Aliletwa na mume mfanyabiashara, ndoa ikafa, yeye akabaki na kamera. Alipiga picha za harusi na za kuwapa watoto majina ili apate kula. Jumamosi alipanda basi kuja Chanthaburi kurekodi filamu ambayo hakuna aliyemwagiza: jinsi watu wa kwao wanavyoishi ugenini. Kwa Mama Djenabou, mahali Waguinea walipokula wali na mchuzi wa karanga, alianza kwa kuosha masufuria. Kamera ilitoka baadaye.

"Watu hawaongei na kamera," alikuwa akisema. "Wanaongea na aliyeosha sufuria."

Miezi sita ikapita hivyo. Mwezi wa saba akamgeukia Alseyni.

"Leo zamu yako, mwizi wa maziwa. Nakuomba kama mtani."

Angefanyaje? Alikaa mbele ya kamera, na maneno ambayo hata mwenzake wa chumbani hakuwahi kuyasikia yakaanza kutoka. Kibali chake kiliisha wakati mama yake anaumwa. Alichokuwa nacho alikituma nyumbani, akabaki. Sasa ni miaka miwili na miezi minne, pasipoti haina muhuri. Akiona sare tu, anageuza njia. Alipomaliza, wali ulikuwa umepoa. Hassatou alizima kamera na hakutania.

Wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba filamu itaonyeshwa ukumbini Bangkok, na kila mtu anakaribishwa. Kila mtu! Alseyni akapoteza hamu ya chakula. Atamwambiaje mtani wake, nirudishie? Akanyoa ndevu alizofuga tangu ujana.

"Diallo, unaoa?" wakamcheka sokoni. Naye akacheka nao.

Jumamosi moja Hassatou akaja, kamera ikiwa mfukoni mwa begi. Akaketi mkabala naye kwenye meza ya Mama Suphin.

"Mbona umenyoa?"

"Joto."

"Miaka yote hii joto hukuliona?"

Alseyni aliinamia meza. "Sura yangu, Hassatou. Ukiionyesha, nimekwisha."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Hassatou akaliweka begi mezani.

"Nilikuomba kama mtani," akasema, "na mtani hakatai. Kwa hiyo wewe hukukubali. Ulikosa tu pa kukatalia." Akafungua kamera, akatoa kadi ndogo kama ukucha. "Maneno yako yamo humu tu. Sijayahamishia popote."

Akaikunja ndani ya karatasi ya vito, akamwomba Mama Suphin utepe wa gundi, akaizungushia pande zote, akaandika juu yake. Pale sokoni hakuna asiyeijua desturi hiyo. Mnunuzi akishataja bei, huziba kifurushi na kutia sahihi juu ya utepe, dalali akakipeleka kwa mwenye mali. Mpaka mwenye mali ajibu, hakifunguliwi, hata na aliyekiziba.

"Bei yangu ni hii: sauti yako tu. Bila sura, bila jina. Mwenye mali ni wewe. Ukikubali, niletee. Ukikataa, kitupe mtoni."

Alseyni alikuwa hajakitia mfukoni mtaa ulipoanza kunyamaza kutokea upande wa juu. Maofisa wanne wa uhamiaji walikuwa wakija meza kwa meza, pasipoti kwa pasipoti. Alseyni akakifumbata kifurushi. Mama Suphin akainamia lenzi yake, na chini ya lenzi hapakuwa na kito. Zikabaki meza tano. Zikabaki nne.

Hassatou akasimama. Akatia kamera begani na kuwaendea wale maofisa moja kwa moja, akiwaelekezea kioo chake usoni, ilhali ndani ya kamera hamkuwa na kadi.

"Zima! Zima hiyo!"

Wote wanne wakamgeukia. Pasipoti yake ilikuwa safi, ila kibali chake hakikuruhusu kazi ile, naye alilijua hilo tangu alipoinuka kitini. Kabla mwezi haujaisha alirudishwa Conakry. Alseyni alirudi kwao Labé kwa hiari yake mwaka uliofuata. Kwa haya zake hakukipeleka kifurushi mwenyewe. Alimpa dereva aendaye Conakry akifikishe kwa kaka yake Hassatou, utepe haujaguswa, na juu yake ameandika: Nimekubali. Sura pia. Mpaka leo hawajaonana.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Siku ile, Alseyni aliinuka na kifurushi kiganjani, uchochoro uko hatua kumi, miguu yote inataka kukimbia. Hassatou, ameshashikwa mkono, akageuza shingo na kupaza sauti kwa Kifulani, akicheka, mtaa mzima ukisikia:

"Tembea, mwizi wa maziwa! Ukikimbia utayamwaga!"