Dola Niliyombandika Yolanda Usoni

Mnicheke tu, jamani, lakini hii hata mume wangu sijawahi kumsimulia ikaisha, kwa aibu.

Mwaka tisini na nane, nikisoma chuo ughaibuni, pale Annandale, nilikuwa na shoga yangu Yolanda, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, mweusi kunishinda mimi, ila kwao neno "mweusi" halitajwi. "Sisi ni Walatino, basi," mama yake alikuwa akisema. Yolanda akaandika shairi la Kihispania juu ya bibi yake mzaa mama, akaenda kulisoma ukumbi wa kanisa, Langley Park, na mama akabembelezwa wee mpaka akaja, akakaa mbele, mkoba kaupakata.

"Nataka mama amkubali bibi, hata mara moja tu," Yolanda aliniambia mlangoni.

Mimi Kihispania sijui hata salamu (nimekaa natikisa kichwa, najitia naelewa). Nikaona Yolanda sauti inatetemeka, mama machozi yanamtoka, nikasema moyoni, lo, shairi limefika! Na mimi mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye taarab, mtu akikugusa hukai kitako, unainuka unakwenda kumtunza. Basi nikapiga kigelegele, nikaenda kwa madaha (kiuno hiki hapa!), nikambandika Yolanda noti ya dola kwenye paji la uso.

Mama akainuka, akatoka bila kugeuka. Yolanda akamalizia kukisomea kiti kitupu, noti imemganda kwa jasho, na mimi nimesimama pale katikati sijui nikakae au nikimbie.

Nje, kwenye baridi, ndipo aliponieleza. Bibi yake alikuwa akicheza ngoma bandarini, wageni wa melini wanamrushia sarafu huku wanacheka, na mama, wakati huo mtoto mdogo, ndiye aliyekuwa akiziokota.

"Wallahi, kwetu unamtunza unayempenda," nikasema, nalia.

"Mimi najua. Kamwambie mama."

Nikaenda kesho yake. Mama akanisikiliza mlango ukiwa wazi kidogo tu, mnyororo hakuutoa, mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Binti, hakuna bibi kama huyo. Yolanda kamtunga tu." Akafunga.

Yolanda hakusoma tena mbele za watu. Na mimi, mtu akighani shairi siku hizi, mikono naikalia na kigelegele nakimeza, hata liniume vipi.